Mkono Ulionyamaza

Tezo ilimponyoka Kelestini mbele ya mteja. Ilianguka kando ya gogo la mvule, ikagonga jiwe, ikatulia. Evaristo, aliyekuwa ameagiza mtumbwi, aliinama akaiokota na kumrudishia. Kelestini akaipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia alikuwa ameubana ubavuni kama mtu anayeficha kitu.

"Bado mkono tu?" Evaristo aliuliza.

"Bado mkono."

"Maana mvua hazingoji mkono, ndugu yangu. Mwaka jana maji yaliingia mpaka jikoni kwangu. Mke wangu, Mama Agata, alipika juu ya kitanda."

Pale Michenga kila mtu alijua kwamba masika yakishika, mbuga yote hugeuka ziwa, na mtu asiye na mtumbwi huwa mfungwa nyumbani kwake. Kila mtu alijua pia kwamba mitumbwi ya Kelestini haivuji. Gogo lile lilikuwa limelala pale tangu mpunga ukiwa mchanga, limechongwa upande mmoja tu, na kuku walikuwa wameanza kutagia ndani yake.

Maumivu yalianzia kwenye kiwiko, upande wa ndani, mfupa ulipojitokeza. Kutoka hapo yalishuka mpaka kidole cha mwisho, kana kwamba mtu alikuwa anavuta waya wa moto ndani ya nyama. Mkewe, Theodosia, alikuwa amemkanda kwa maji ya moto, akambandika majani, akamleta mganga aliyemchanja chale kuuzunguka mkono wote. Chale zilipona, maumivu yakabaki.

"Yuko mtu Mlabani," Evaristo alisema. "Fundi baiskeli, Ponsiano. Alikuwa Keya, askari wa Mwingereza, akapigana vita vya Burma. Anachoma watu sindano."

"Sindano za dawa?" Theodosia aliuliza. Alikuwa anapepeta mpunga hatua chache kutoka walipokuwa.

"Hazina dawa, shemeji. Sindano tupu."

"Sindano tupu inatibu nini?"

"Hilo sijui. Mama yangu alikuwa hainuki kwa kiuno, na sasa analima. Mimi nakuambia nilichokiona."

Theodosia aliendelea kupepeta. Hakulipenda neno lile, sindano tupu, lakini alikuwa amechoka kumwona mumewe akila kwa mkono wa kushoto mbele ya wageni.

&nbsp;

Ponsiano alikuwa mtu mrefu anayechechemea, mwenye mikono myeusi kwa mafuta ya minyororo. Alipowaona wanaingia aliacha gurudumu alilokuwa analinyoosha, akapokea shikamoo yao, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko bila haraka. Kisha alitoa kopo la tumbaku lililotoka rangi. Ndani, juu ya kitambaa, zililala sindano nyembamba kuliko za kushonea. Alizichemsha kwenye sufuria ndogo mbele yao.

"Nilipigwa mguu kule Burma," alisema, akijibu swali ambalo hawakuliuliza. "Tulilala wengi, na dawa ya maumivu ilikwenda kwa maofisa kwanza. Palikuwa na mzee wa Kichina anayehudumia majeruhi. Yeye alitumia hizi. Nilikaa pale muda mrefu, nikawa naangalia anakochoma."

Alimketisha Kelestini juu ya sanduku, akaulaza mkono wake mezani.

"Ukisikia kitu, sema. Sizungumzii maumivu. Kitu kizito, au kama sisimizi wanatembea."

Sindano ya kwanza iliingia kati ya kidole gumba na cha shahada. Ponsiano aliizungusha taratibu.

"Nasikia," Kelestini alisema. "Wanapanda. Wanafika kwenye kiwiko."

"Vizuri."

Ya pili iliingia juu ya kiwiko, ya tatu begani. Uso wa Kelestini ulianza kulegea. Tangu palizi Theodosia hakuwa amemwona mumewe bila kukaza meno, na sasa alimwona anapepesa macho kama mtu aliyeshiba. Moyo wake ulipaswa kufurahi. Badala yake alijikuta amekamata ukingo wa kanga yake na kuusokota.

"Imekuwaje?" aliuliza. "Umechoma huku na maumivu yako kule."

"Maumivu hayakai mkononi, mama. Yanasikika kichwani. Mkono unapeleka habari tu, kwa mishipa ya fahamu. Mimi napiga hodi kwenye mshipa, kichwa kinaitika, kinasahau ile kelele nyingine. Yule mzee alisema hivyo kwa namna yake. Mimi nasema hivyo kwa namna yangu."

Kisha alichukua sindano ya nne, akaichoma ukingoni mwa kiganja, chini ya kidole cha mwisho.

"Na hapa?"

"Bado hujachoma."

"Nimechoma."

Kelestini aliinamisha kichwa, akaitazama sindano iliyosimama ndani ya nyama yake. "Labda ingiza zaidi."

Ponsiano aliingiza, akaizungusha kulia na kushoto.

"Sasa nasikia kidogo," Kelestini alisema.

Theodosia aliijua sauti ile. Ndiyo aliyoitumia kumwambia Padre kwamba hajakosa misa.

Ponsiano aliichomoa sindano. Alikibonyeza kiwiko kwa dole gumba, akatafuta nyuma ya mfupa, akasita. Chini ya ngozi palikuwa na kitu kinene kama kamba.

"Una baka lolote mwilini? Ngozi iliyopauka?"

"Sina."

Lilikuwepo, kiunoni, la ukubwa wa kiganja cha mtoto. Theodosia alikuwa ameliona mwaka mzima akidhani ni utangotango, ule ukungu wa ngozi usiodhuru. Alifumbua mdomo, akamtazama mumewe aliyekuwa ametulia kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akaufumba.

"Rudini tena," Ponsiano alisema. "Msikawie."

&nbsp;

Walirudi mara mbili, kisha Kelestini akaona hakuna haja tena. Maumivu yalikuwa yamekwisha. Alisema hivyo kwa Evaristo, akasema hivyo kanisani, akasema hivyo kwa kila aliyepita njiani akisikia tezo inalia. Alichonga toka asubuhi mpaka jua la utosi, na vipande vya mvule vikatapakaa uani mpaka mlangoni. Binti yao, Balbina, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameanza kung'oka, aliviokota akajengea nyumba za wanasesere.

"Mnaona," alisema Kelestini, "nilikuwa nimekwisha kuwa mlemavu."

Lakini tezo iliendelea kumponyoka. Alianza kuifunga kiganjani kwa kitambaa. Alisema ni jasho. Kidole cha mwisho na kile kinachofuata vilikuwa vimejikunja, wala havikunyooka alipofungua mkono. Alisema ni kwa sababu ya kushika mpini siku nzima.

Alasiri moja Theodosia alikuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Kabla hajafika uani alisikia harufu ya nyama. Alishangaa, kwa sababu hapakuwa na nyama nyumbani. Alimkuta mumewe amechuchumaa karibu na moto, anageuza samaki aliyebanikwa, na Balbina yuko mbele yake anasimuliwa kisa cha kiboko aliyenasa kwenye mtego wa samaki. Kelestini alikuwa anacheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeegemea jiwe la figa, na kidole cha mwisho kilikuwa kimelala juu ya kaa la moto.

Theodosia aliiachia ndoo. Maji yalimwagika mpaka kwenye moto.

"Una nini?" Kelestini alimwuliza kwa hasira. "Umemtisha mtoto."

Theodosia alinyoosha kidole. Kelestini alifuata macho yake, akauona mkono, akauinua. Ngozi ilibaki kwenye kaa.

Alikitazama kidole kile kwa muda mrefu, akikigeuza huku na huku, kama mtu anayekagua kitu alichookota njiani.

"Baba, hakiumi?" Balbina aliuliza.

"Nenda ndani," mama yake alimwambia.

&nbsp;

Safari hii Ponsiano hakuchemsha sindano nyingi. Alichukua moja tu. Alifungua kitambaa, akalitazama jeraha, akafunga.

"Geukia ukutani," alimwambia Kelestini. "Unyooshe mkono nyuma. Nikikuchoma, sema ndiyo."

Kelestini aligeuka. Ukutani palining'inia matairi makuukuu, akawa anayatazama hayo. Ponsiano alichoma kidole gumba.

"Ndiyo."

Akachoma kidole cha shahada.

"Ndiyo."

Kisha akachoma kidole cha mwisho, na kile kinachofuata, na ukingo wote wa kiganja, akapanda mpaka kifundoni. Theodosia aliona tone la damu baada ya tone. Nje mtu alikuwa anapiga kengele ya baiskeli kwa kuijaribu.

"Mbona huchomi?" Kelestini aliuliza.

Ponsiano aliiweka sindano mezani. "Nimeshachoma, ndugu yangu. Nimeshachomoa."

Kelestini aligeuka, akaiona damu, akaanza kuipangusa kwa suruali kana kwamba ni uchafu uliomwaibisha mbele za watu.

"Ni wewe uliyeuua mkono huu?" Theodosia aliuliza. Alisema polepole, kwa heshima, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angepiga kelele.

"Hapana, mama. Sindano haiui mshipa hivi. Sindano inaongea na mshipa ulio hai. Huu ulikuwa unakufa tangu mlipokuja. Ule moto aliousikia ndiyo kufa kwenyewe."

"Lakini ulimtuliza."

"Nilimtuliza. Nilipiga hodi kwenye mishipa iliyokuwa bado mizima. Sehemu nyingine ilinyamaza yenyewe, kwa sababu imekufa." Alikaa akitazama mikono yake. "Utulivu ule, upi ulikuwa wa sindano na upi ulikuwa wa ugonjwa, sijui. Siku ya kwanza niliposhika kiwiko nilihisi. Ningesema siku ile ile. Nilitaka kuwa na hakika."

"Uhakika wa nini?" Kelestini aliuliza.

Ponsiano hakulitaja jina la ugonjwa. Alisema tu, "Nendeni hospitali ya misheni. Nendeni leo, msipitie nyumbani. Na mtoto mpelekeni."

&nbsp;

Sista aliyewapokea hospitalini alilitaja. Alisema ukoma kama anavyosema malaria au kichocho, akampa Kelestini kiti, akamshika mkono ule bila kuvaa kitu mikononi. Theodosia alishangaa kuliko alivyoshangaa kusikia jina lenyewe.

Dawa ipo, Sista alisema. Vidonge. Atameza kwa miaka, si kwa wiki. Ugonjwa utazuiwa usiendelee, lakini vidole vile havitarudi. Jeraha limechafuka, kwa hiyo atakaa kwenye makazi ya wagonjwa mpaka daktari aseme.

"Sindano za yule fundi?" Kelestini aliuliza.

"Hazikukuletea ugonjwa. Zilikupa usingizi, basi. Lakini mtu asiyesikia maumivu anaungua bila kujua. Sasa macho yako ndiyo yatafanya kazi ya mkono. Kila jioni tazama vidole vyako, kimoja kimoja."

Kelestini aliitikia. Kisha aliinamisha kichwa na kulia, si kwa sauti. Theodosia hakujua amshike wapi, akamshika bega.

Sista alimvua Balbina gauni, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nyuma ya bega la kushoto palikuwa na alama iliyopauka, ndogo kama punje ya hindi. Alimfumba mtoto macho, akaigusa kwa pamba.

"Unasikia?"

"Inatekenya," Balbina alisema, akacheka.

"Anasikia," Sista alimwambia Theodosia. "Huenda ni utangotango tu. Watoto wengi wanao. Lakini uiangalie. Ikikua, au asiposikia hapo, mlete mara moja."

"Nitajuaje kama hasikii?"

"Mguse kwa pamba, kama nilivyofanya mimi. Yeye asitazame."

Waliporudi Michenga, mama na mtoto peke yao, Theodosia alitafuta pamba, akamgusa. Mtoto akasema inatekenya. Lakini usoni alikuwa tayari anacheka kabla hajaguswa, na Theodosia hakuamini.

&nbsp;

Habari ilikuwa imetangulia. Evaristo alikuja kulichukua gogo lake kabla halijakamilika. Alikuja na watu wanne, wakalibeba kwa kamba ndefu, bila kulikumbatia.

"Nitalimalizia mwenyewe, shemeji," alisema akitazama pembeni. "Mwambie baba Balbina namsalimu sana."

Jumapili Theodosia alichovya vidole katika maji ya baraka mlangoni mwa kanisa. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake, Serafina, aliyekuwa amelima naye mpunga miaka yote, alisita, akavuta mkono, akafanya ishara ya msalaba kwa vidole vikavu. Waliofuata wote walifanya hivyo hivyo. Benchi alilokaa Theodosia lilibaki na nafasi. Walipokunywa togwa baada ya kazi ya ujima, alipewa kata yake peke yake, na alipomaliza akaambiwa, kwa upole, aende nayo nyumbani.

Hilari, kaka yake Kelestini, alikuja kutoka Mofu na furushi la samaki wakavu. Aliketi nje, hakuingia ndani.

"Nimekuja kumchukua mtoto," alisema. "Wewe shemeji ni mtu mzima. Lakini mjukuu wa marehemu baba hawezi kukulia humu."

"Sista amesema mzima."

"Amesema mzima kabisa?"

Theodosia alisogeza furushi la samaki kivulini.

"Mama Balbina, nakuuliza. Amesema mzima kabisa?"

"Kuna alama begani. Anasikia."

Hilari alivuta kigoda chake nyuma kidogo. Alifanya hivyo bila kufikiri, na alipogundua alichofanya aliona haya.

"Kule kwangu wako watoto saba," alisema. Aliwaacha wale samaki pale chini, akaondoka kwa miguu, na suala la kumchukua mtoto halikutajwa tena.

Ndipo Theodosia alipochukua sindano ya kushonea. Alisema moyoni kwamba pamba inaweza kumdanganya, sindano haiwezi. Asubuhi, baada ya uji, alimweka Balbina katikati ya magoti yake, akamgeuza mgongo, akamchoma pale kwenye alama.

Balbina alipiga kelele.

Theodosia alimkumbatia, akamsukasuka, akalia naye. Lakini machozi yake yalikuwa ya shukrani. Alimpa karanga zilizobaki kwenye kibuyu. Siku nzima alifanya kazi akiimba, na mtoto alimtazama kwa mbali.

Alifanya hivyo tena, na tena. Kila kilio kilimpa siku chache za amani, kisha hofu ikarudi, akaitafuta sindano. Majirani walisikia. Walisema huzuni imemharibu akili, wengine walisema amefundishwa uchawi na yule Keya wa Mlabani. Serafina peke yake alikuja mpaka kwenye uzio.

"Dada, unamtesa mtoto."

"Afadhali alie," Theodosia alimjibu. "Ombeni alie."

Balbina alianza kujificha. Akiona mama yake anainua mkono kwenye paa, mahali sindano ilipochomekwa, alikimbilia nyuma ya ghala. Theodosia akawa anambembeleza. Alimwambia kwamba ni kidogo tu, kwamba yeye ni msichana mkubwa, kwamba baba yake huko aliko atafurahi akisikia ana mtoto jasiri. Alisema hivyo ili amkamate. Hakufikiri mtoto anasikia nini.

Asubuhi moja mawingu yalikuwa yameziba milima ya Udzungwa na hewa ilikuwa nzito. Balbina hakukimbia. Alikuja mwenyewe, akashusha gauni begani, akasimama katikati ya magoti ya mama yake. Alama ilikuwa kubwa kidogo kuliko zamani, au ilionekana hivyo kwa sababu mtoto alikuwa amekonda. Theodosia alichoma.

Balbina hakulia.

Alichoma tena, kwa nguvu zaidi. Tone la damu lilitoka, likateremka mgongoni. Mtoto alisimama wima, mikono imenyooka, kimya kabisa. Theodosia alimgeuza, akamshika mashavu.

"Hukusikia?"

"Nimejikaza, mama."

"Imeuma au haikuuma?"

Balbina alimtazama. Midomo yake ilitikisika, na macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa anausoma uso wa mama yake kwa makini, jinsi mtoto anavyosoma uso wa mwalimu ili ajue jibu linalotakiwa.

"Unataka niseme imeuma?"

Theodosia aliitupa sindano majanini. Alichukua kanga, akambeba mtoto mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea, akafunga fundo kifuani. Hakuzima moto, hakufunga mlango. Serafina alimwona akipita, akamwita, hakugeuka. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanaanza kuanguka kwenye njia ya Ifakara, kuelekea hospitali ya misheni.

"Tunakwenda kukaa kwa baba?" Balbina aliuliza nyuma ya sikio lake.

"Sijui," Theodosia alisema, akaongeza mwendo.